Kura tatu, hesabu tatu: ukiwa shabiki wa chama kichanga

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, fundi wangu wa baiskeli kanibana: "Mwalimu, hiki chama kipya nakipenda, ila wenzangu wananambia kura yangu naitupa baharini, kweli?" Nikamwambia ami, inategemea karatasi ipi, maana siku ya uchaguzi mkuu unapewa tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na kila moja ina hesabu yake. Mi hizi hesabu ndo kazi yangu, nafundisha siasa na kila uchaguzi ukiisha nakesha na matokeo kata kwa kata, so ngoja nizimwage hapa.

Ya rais ndo ngumu. Tanzania hatuna raundi ya pili. 1995 mshindi alitakiwa apite nusu ya kura, katiba ikabadilishwa 2000, sasa anayeongoza hata kwa kura moja kabeba. Vita vya panzi furaha ya kunguru: tuseme mko 100, 42 wanamtaka aliyepo, 58 hawamtaki ila wamegawana, 35 kwa chama kikubwa cha upinzani na 23 kwa chako, basi wa 42 anaapishwa. Kenya wana nusu na moja zaidi na marudio, mtu anampa kipenzi chake raundi ya kwanza bila presha. 2015 ACT-Wazalendo ilikuwa changa kabisa, mgombea wake mama Anna Mghwira hakufikisha hata asilimia 1, mbio zilikuwa za Magufuli na Lowassa. Ila kwenye ubunge chama hichohicho kilipata kura nyingi kuliko za urais na Zitto Kabwe akabeba Kigoma Mjini, yaani wapo waliozigawa karatasi zao bila kufundishwa na mtu.

Sasa ya mbunge, hapa wengi hawajui. Mgombea wako akiwa wa tatu kura yake haifi, kwa sababu viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, mradi chama kifikishe asilimia 5 ya kura halali, na sehemu ya ruzuku (pesa za serikali kwa vyama) nayo inapita mlango huohuo. Kura ya Makorora hapa Tanga inajumlishwa na ya Mtwara na ya Kigoma. Ila (na hii ila ni kubwa) ACT 2015 hawakuifikia hiyo 5, wakaingia bungeni na mtu mmoja tu. Kwa hiyo kabla hujajitoa mhanga waulize viongozi wako wamesimamisha watu majimbo mangapi, wakikwambia 15 na majimbo nchini yanapita 260, hiyo 5 wanaiota, hapo kura yako ina maana kama huyo mgombea anaweza kulichukua jimbo lenyewe.

Diwani sina maneno mengi. Kata ni ndogo, watu wanajuana, chama kichanga kinashinda kwa mguu na salamu. Anzia huko.

Fundi akasikiliza huku anafunga mnyororo. "Kwa hiyo rais nimpe wa chama kikubwa, hawa wengine wa kwangu?" Nikamwambia ami, hilo lako, kama kwako hao wakubwa wawili wote ni walewale basi mpe wa kwako hata urais, hesabu ya panzi inamhusu anayeona tofauti. Ila nambie, mgombea udiwani wa chama chako hapa anaitwa nani?

Akakuna kichwa, akaniomba spana namba kumi na tatu.