Kisu hakiji hivyo: mkanda, uzoefu, na nani wa kuamini kwenye kujihami

"Sensei, samahani. Kisu hakiji hivyo."

Aliyesema alikuwa mkanda mweupe wa miezi miwili, umri umeshavuka arobaini, konda wa zamani wa daladala za Mbagala. Tulikuwa kwenye mtihani wa mikanda, kwenye ukumbi wa shule ya msingi tunaoukodi Jumamosi. Mbele ya meza yetu kijana wa mkanda wa kahawia alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuonyesha namna ya kuzuia kisu kinachoshuka kutoka juu: mikono miwili imepishana juu ya kichwa, ile tunayoiita juji-uke, kisha unaukamata mkono wa adui, unauzungusha, unamlaza chini. Ilipendeza. Nilikuwa nimeshamwandikia nane ya kumi.

Ukumbi ukanyamaza. Kwenye dojo, ukumbi wa mazoezi, ya Shotokan, mtindo wetu wa karate, mkanda mweupe hamsahihishi mtahini, na pale mezani tulikuwa watahini watatu, hakuna aliyekuwa chini ya dan ya 3, yaani daraja la tatu la mkanda mweusi. Mwenzangu mmoja alimkata jicho yule bwana. Mimi nikamuuliza, "Kinakujaje?"

Akaokota kisu cha mbao. Akamkamata kijana ukosi wa gi, ile sare ya mazoezi, kwa mkono wa kushoto, akamvuta kwake, na kwa mkono wa kulia akamchoma tumboni mara nne, mara tano, chini chini, upesi kama sindano ya cherehani. "Hivi," akasema. "Na kabla ya hapo anakuuliza saa ngapi."

Naulizwa sana nani hasa ana haki ya kusema mbinu fulani ya kujihami inafaa au haifai: mwenye dan, au aliyewahi kukabwa kweli? Jibu langu huwaudhi wote wawili.

Nianze na mkanda. Dan haikuzaliwa kwenye karate. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliiazima kwenye go, ule mchezo wa kete nyeusi na nyeupe ambao wachezaji wake walikuwa na madaraja tangu zamani, akatoa dan za kwanza mwaka 1883, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha Kodokan, shule yake ya judo. Karate nayo ikaja kuazima kwa judo. Funakoshi Gichin, mwasisi wa Shotokan yetu, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alitoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Maana yake wazee waliomfundisha Funakoshi mwenyewe hawakuwa na dan yoyote. Miyagi Chojun, mwasisi wa Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dan.

Halafu neno lenyewe. Shodan, dan ya kwanza, ule mkanda mweusi ambao mtaani unamfanya mtu aogopwe, "sho" yake ni mwanzo. Kwetu ningeufananisha na cheti cha darasa la saba: umejua kusoma, sasa nenda kasome.

Ninapokaa mezani natazama mguu wa nyuma kama umenyooka, nyonga kama imezunguka pamoja na ngumi, kisigino kama kimebaki chini, kata, ule mfululizo wa miondoko iliyopangwa, kama imekwenda kwa mdundo wake. Natazama pia miaka, kwa sababu vyama vingi haviruhusu kurukia dan bila kusubiri. Ukishapanda juu sana, kuanzia dan ya 5 na kuendelea, kinachopimwa zaidi ni utumishi: umefundisha watu wangapi, umekibeba chama miaka mingapi. Hayo si madogo, na mzee wa dan ya 7 namwinamia kwa moyo mmoja. Ila fomu ile haina mahali panapouliza kama uliwahi kuuzuia mkono wa mtu aliyekusudia kukutoa utumbo.

Kuna jambo baya zaidi ambalo sisi wenye mikanda hatupendi kulisema. Mcheza kwao hutuzwa. Kadiri unavyopanda ndivyo wanafunzi wanavyokuangukia mapema. Sensei akigusa kifundo cha mkono, mkanda wa kijani keshajua aangukie upande gani, na kukataa kuanguka ni utovu wa adabu. Mtu anaweza kufundisha miaka ishirini asikutane na mkono unaorudi nyuma. Hadanganyi watu. Yeye ndiye anayedanganywa kila jioni, kwa heshima zote, na watu wanaomwinamia.

Mimi hili nililijua kwa shingo yangu. Nilikuwa dan ya 2, natoka mazoezini saa tatu usiku, begi lenye gi mgongoni, na ule mkono ukaja kwa nyuma. Dar tunaita roba, Nairobi wanasema ngeta. Kwenye mtihani wa dan ile nilikuwa nimeonyesha namna ya kujinasua: piga hatua, kiwiko mbavuni, mrushe juu ya bega. Usiku ule kitu cha kwanza kilichotokea ni miguu yangu kuiacha ardhi. Cha pili ni mikono mingine kuingia mifukoni. Nilipofikia kufikiri "kumbe hii ni roba", simu ilikuwa imeshakwenda, pesa imeshakwenda, na sauti yangu ilirudi baada ya wiki. Gi waliniachia kwenye matope.

Kilichonitia aibu zaidi kilikuja baadaye. Nikawa mjuaji. Miaka miwili kila darasa langu lilikuwa roba: kidevu kifuani, mikono miwili ivute ule mkono, geuka. Nilikuwa na uzoefu sasa, nani atanibishia? Mpaka dada mmoja wa mkanda wa njano aliponiambia taratibu, tukikunja magodoro, kwamba yeye hapiti vichochoroni usiku. Anayemsumbua ni mtu anayemfahamu, anamshika mkono sebuleni na hataki kuuachia. Nilikuwa nimechukua tukio moja la sekunde chache nikalifanya mtaala wa watu thelathini.

Kwa hiyo nikisikia mtu anaanza na "mimi nimepigana mtaani", masikio yangu husimama, lakini huuliza: mtaa upi, na nani? Baunsa amegombana mara nyingi kuliko mimi, ila wengi wa wapinzani wake wamelewa, na wenzake watatu wako mlangoni. Askari ana rungu. Bingwa wa kumite, pambano la karate la mashindano, anaijua nafasi kati ya watu wawili kuliko sisi sote, na ni nadra umkute amesimama pabaya, lakini amezoea mwamuzi kusimamisha pambano kila pointi inapopatikana. Kila mmoja anasema kweli ya kona yake.

Mwenye uzoefu ninayempenda kuliko wote ni Motobu Choki, ingawa kwa mtoto wa Shotokan kisa chake kinauma kidogo. Alizaliwa Okinawa mwaka 1870 kwenye familia ya kikabaila, na ujanani alikuwa akienda Tsuji, mtaa wa starehe wa Naha, kutafuta ugomvi ili ajaribu alichojifunza. Sisifu tabia hiyo. Mwaka 1922, akiwa ameshapita miaka hamsini, alipanda jukwaani Kyoto akamwangusha bondia wa kigeni. Mwaka 1925 jarida kubwa la Japani likaandika habari ile, na mchoraji akaweka picha ya Funakoshi. Mwenye jina akapata picha, aliyepiga ngumi akabaki na maandishi.

Ninachokichukua kwa Motobu si zile ngumi. Ni kwamba baada ya ugomvi wote ule alirudi kwenye kata moja fupi, Naihanchi, ambayo sisi tunaiita Tekki, akaichambua mpaka akajua kila mkono unafanya nini mtu akiwa amekukaribia kifuani. Uzoefu ulimpa maswali, kisha akarudi nayo kwenye mazoezi. Wengi wetu tunaishia kwenye hadithi.

Nirudi kwa konda. Jumamosi iliyofuata nilinunua maka peni nyekundu nne, nikamwambia kila mtu aje na fulana nyeupe kuukuu. Sheria: mwenye kalamu ana sekunde kumi, achome apendavyo; mwenzake afanye lolote. Nilitangulia mimi, maana aibu ni vizuri ianzie juu. Nilitoka na alama tano: tatu tumboni, moja shingoni, moja mkononi. Kijana wa kahawia tuliacha kuhesabu. Mtahini mwenzangu, yule wa jicho, alisema goti linamsumbua.

Kisha zamu ya konda, na kila mtu alikuwa akiisubiri. Naye alichorwa: mbili mkononi, moja mbavuni. Uzoefu wake haukumzuia kuchomwa. Tofauti ni kwamba sisi wote tulisimama pale pale tukicheza na kisu, yeye alilisukuma benchi la watahini katikati yake na mwenye kalamu, na sekunde ya nne alikuwa nje ya mlango. Nilipomwita kwamba muda haujaisha akajibu kutoka uani, "Nani alisema nisimame?"

Nilicheka, halafu nikamkumbuka Itosu Anko, mmoja wa walimu wa Funakoshi. Mwaka 1908 aliandika barua ya nukta kumi juu ya karate, na ndani yake alisema haikukusudiwa kupambana na mpinzani mmoja mliyekubaliana naye, bali kuepuka kudhuriwa na mhuni. Benchi la konda lilikuwa ndani ya barua ile.

Na juji-uke? Jioni nzima haikufaa hata mara moja. Aliyefanya vizuri kuliko wote ni binti wa mkanda wa kijani, mwembamba, aliyeukumbatia mkono wenye kalamu kwa mikono yake miwili, akaubana kifuani na kumsukuma mwenzake mpaka ukutani. Alama moja tu. Msimamo wake ulikuwa mbovu, ningempa nne ya kumi kwenye kihon, mazoezi ya msingi. Lakini hapo ndipo dan ilipolipa ada yake. Konda aliona kwamba imefaa, ila hakuweza kusema kwa nini. Mimi niliweza: mikono miwili dhidi ya mmoja, kiwiko cha adui hakina nafasi ya kurudi nyuma ili kichome tena, na uzito wote wa binti uko mbele. Ni hikite, ule mkono tunaowafundisha watoto kuuvuta mpaka nyongani kama pambo la ngumi. Sio pambo. Mkono ule umeshika kitu na unakivuta. Nimeona miili mingi ikifanya jambo lile lile kwa makosa tofauti, na hicho ndicho mkanda wangu unachonipa, si zaidi.

Mfano mwingine unaonisaidia ni wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller. Swali lake lilikuwa la kawaida: mwenye kisu akiwa mbali kiasi gani ndipo bado ni hatari kwa askari ambaye bastola iko kiunoni? Hakumuuliza mkubwa. Alichukua saa, akawakimbiza watu, akakuta kwamba mtu anavuka futi 21, kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ule ule askari anaohitaji kuchomoa na kufyatua. Alichapisha mwaka 1983. Yeyote mwenye saa na uwanja anaweza kurudia, hata konda.

Siku hizi kwenye sehemu ya kujihami anayeshambulia nampa ruhusa ya kutoanguka. Alama zimeshuka vibaya. Mzazi mmoja alinijia kulalamika kwamba mwanawe "hakupendeza". Ni kweli. Mtihani ukianza nauliza lilianzaje: alisogeaje mpaka akakushika, ulikuwa unatazama wapi? Halafu natazama mkono wa pili wa mshambuliaji. Asilimia kubwa ya mbinu za kushikwa kifundo cha mkono hufa hapo, kwa sababu anayekushika mkono mmoja hajasimama kama mlingoti akingoja. Anakuvuta, na mkono mwingine unakuja usoni. Nataka kuona mbinu ikikosea nusu, uko wapi, na mlango uko wapi. Na akishalala chini, simama. Kanuni ya Adhabu yetu inatambua haki ya kujihami, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Teke la kichwani kwa mtu aliyeanguka, lile linalopigiwa makofi kwenye maonyesho, linaweza kukuhamishia kizimbani.

Konda mwenyewe alifanya mtihani wa mkanda wake wa kwanza mwezi uliopita. Heian Shodan, kata ya wanaoanza, ina hatua 21. Ya tatu unageuka kulia, yeye akageuka kushoto akaenda kukutana na ukuta, akasimama pale akiwaza. Kujihami alipata tisa. Kata tatu. Nilimwandikia arudie.

Akainama vizuri kabisa, akafungua mkanda wake mweupe, akaufunga upya, akaja mezani wenzake wakiwa wanavaa viatu. "Sensei," akasema, "nionyeshe tena pale pa kugeuka."