Akiba ya chakula ya wiki mbili kwa nyumba ya Dar

Familia nyingi hapa mjini zikiamua kuweka akiba ya chakula, zinaanza na gunia. Mahindi yameletwa na ndugu kutoka Songea, au mchele umeshushwa kwenye basi la Kyela, gunia linasimamishwa kwenye kona ya chumba na moyo unatulia. Kazi yangu ni uhifadhi wa nafaka, na kwa Dar es Salaam gunia ndilo ninalolikataa kwanza. Mahindi yanayokaa salama kwenye baridi ya Njombe hayatakaa hivyo Buguruni, kwa sababu nafaka hunyonya unyevu wa hewa inayoizunguka, na hewa yetu ya pwani imejaa maji, hasa Machi hadi Mei.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Yakizidi hapo, kwa joto letu, kuvu wanaanza kazi kabla hujaona chochote kwa macho. Wapo kuvu wanaotoa sumukuvu, na ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Ugali uliosongwa vizuri kutokana na mahindi yenye sumukuvu bado una sumukuvu, na kuosha hakuiondoi yote. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nafaka au karanga zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye harufu ya kuvunda zisiliwe, na kuku wasipewe.

Kipimo cha unyevu hakihitaji mashine. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi yake, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhi: yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikirudi chini yote, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi: yaanike kidogo zaidi yafike 13, ndipo uendelee.

Ukishakuwa na nafaka kavu, fungia hewa nje. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo hufanya hivyo: fukusi na dumuzi, wadudu wanaotoboa nafaka, wanakosa hewa wanakufa, bila dawa yoyote. Lakini kwa nyumba ya vyumba viwili napenda zaidi chupa za maji za lita moja na nusu na ndoo zenye mfuniko unaobana. Jaza mchele au maharage hadi shingoni, gonga chupa chini vishuke, ongeza tena, funga. Onyo moja tu: chombo kisichopitisha hewa hakikaushi kitu. Ukifungia nafaka mbichi humo, umeifungia na kuvu wake.

Sasa kiasi. Mgao unaotumika sana kwenye misaada ya dharura ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa watu watano kwa siku 14 hiyo ni kilo 28 za nafaka, kilo 4 na kidogo za maharage, lita mbili za mafuta na chini ya nusu kilo ya chumvi. Mgao huo peke yake haufikii kalori 2,100 ambazo mtu huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo ongeza sukari, karanga na dagaa. Wiki mbili ndizo ninazozitetea kwa mji huu: zinatosha kuvuka mafuriko au kupanda ghafla kwa bei, kama sukari mwanzoni mwa 2024, na zinaliwa zikaisha kabla unyevu haujazifikia.

Najua wengi wetu tunanunua kwa kupima, cha leo kwa leo. Ukiongeza robo kilo ya nafaka kila siku, kilo 28 zinatimia ndani ya miezi minne hivi. Anza Julai, mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yanapoingia sokoni na bei kushuka, na kabla vuli haijakolea utakuwa umemaliza. Andika mwezi juu ya kila chupa. Kilichoingia kwanza kiliwe kwanza, chupa iliyoliwa ijazwe tena.

Katika kuchagua, weka mchele zaidi ya unga. Dona ni bora kwa mwili kuliko sembe, lakini kiini chake kina mafuta na hugeuka uchungu mapema, kwa hiyo inunue kidogo kidogo. Unga wa lishe wenye karanga usiulimbikize kabisa. Choroko huiva haraka kuliko maharage, na siku ambayo mkaa umelowa au gesi imeisha utaona tofauti yake. Maharage yaloweke usiku kucha. Mafuta ya alizeti yakae gizani.

Maji ni sehemu ya akiba hii. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, mji uliingia kwenye mgao, na nyumba yenye mchele bila maji haipiki. Hesabu walau lita tatu kwa mtu kwa siku za kunywa, na nyingine za kupikia, kwenye madumu yaliyooshwa na kufunikwa.

Kwa wanaoishi karibu na Msimbazi, Jangwani, Kigogo na Mchikichini, akiba ikae juu ya usawa uliofikiwa na maji mara ya mwisho, si juu ya chaga tu. Unga, mchele au maharage yaliyoguswa na maji ya mafuriko yatupwe hata kama yanaweza kuanikwa, maana maji hayo yamepita vyooni. Hata chupa yenye mfuniko wa kuzungusha ikizama, iache, kwa kuwa uchafu hukaa kwenye nyuzi za mfuniko. Kopo la bati lisilobonyea wala kuvimba linaweza kuokolewa: bandua karatasi, lioshe kwa sabuni, litumbukize kwenye maji yenye klorini, ndipo ulifungue.