Je, Wajua Kwa Nini Wodini Unaulizwa Swali Lile Lile na Madaktari Wanne?

Aliyewahi kuuguza ndugu yake Bugando, hospitali kubwa ya rufaa jijini Mwanza, anaijua hali hii. Mgonjwa anafika usiku, kijana mwenye koti jeupe anampokea na kumuuliza: umeanza kuumwa lini, unakunywa pombe, unafanya kazi gani? Haijapita saa mbili, anakuja mwingine na maswali yale yale. Alfajiri anakuja wa tatu. Kukicha, kundi zima linazunguka kitanda, na daktari mwenye mvi anainama: "Shikamoo mzee. Hebu niambie, tatizo lilianzaje?" Hapo ndipo ndugu huanza kunong'onezana: hawa watu hawasomi faili?

Faili wanalisoma. Lakini kundi lile lina ngazi zake, kila ngazi ikijifunza kuuliza na kufikiri yenyewe, na kuzijua kunasaidia. Chini kabisa ni mwanafunzi wa udaktari. Anafuata intern, aliyemaliza miaka 5 ya chuo na sasa yuko kwenye mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Juu yake yupo rezidenti. Huyu ni daktari kamili, amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mara nyingi ameshafanya kazi wilayani, pengine akiwa mganga mfawidhi. Ameamua kurudi shule kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kwa miaka 3. Juu ya wote yupo bingwa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho.

Sasa, kwa nini daktari kamili, ambaye huko alikotoka alikuwa anategemewa na tarafa nzima, arudi kukaa miaka 3 wodini? Dawa anazijua, na magonjwa alishayasoma. Anachokuja kukitafuta hakimo kitabuni, na njia nzuri ya kukieleza ni kupitia mgonjwa mmoja ambaye hospitali za ukanda wa ziwa humpokea mara kwa mara: mtu anayetapika damu.

Daktari mgeni akiona damu, wazo la kwanza ni vidonda vya tumbo. Si wazo baya. Vidonda ni vingi, na watu wengi humeza dawa za maumivu kila siku bila kujua kwamba zinachubua tumbo. Kwa hiyo ataandika dawa za kupunguza asidi, ataagiza damu, atasubiri. Anaweza kuwa amepatia, na anaweza kuwa amekosea vibaya.

Rezidenti aliyekaa Mwanza muda wa kutosha atauliza jambo jingine: mzee, kazi yako nini? Mkulima. Na kabla ya kulima? Kumbe alivua dagaa kisiwani Ukara kwa miaka mingi, au alikulia kisiwa cha Ukerewe akioga ziwani na kuchota maji ya nyumbani hapo hapo. Kisha rezidenti anaweka mkono chini ya mbavu za kushoto na kukuta bandama limevimba, gumu, limeshuka hadi karibu na kitovu. Hapo picha inabadilika.

Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Konokono wa majini huachia vijidudu vya minyoo hiyo ziwani, vijidudu hivyo hupenya ngozi ya anayeingia majini, hukomaa mwilini, kisha minyoo jike hutaga mayai kwa miaka. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia makovu. Mwaka hadi mwaka makovu hayo hukaba njia ambayo damu ya utumbo inapaswa kupita ili ifike kwenye ini. Damu ikizuiwa barabara kuu hutafuta njia za panya, na mojawapo ni vimishipa vyembamba vya umio, njia ya chakula kwenda tumboni. Vimishipa hivyo havikuumbwa kubeba mzigo ule. Vinavimba, na siku moja kimoja kinapasuka.

Cha ajabu ni kwamba ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi vizuri. Mgonjwa hana macho ya njano, hana historia ya pombe, vipimo vya ini vinatoka safi. Ndiyo maana asiyeuliza kuhusu ziwa hupotea kirahisi.

Na tiba hapa ni nyingine. Inatakiwa kuingizwa mpira wenye kamera kupitia mdomoni, mshipa unaovuja uonekane na ufungwe kwa mpira mdogo. Hata damu ya kuongezewa inahitaji kipimo. Kwa mawazo ya kawaida, anayepoteza damu apewe nyingi iwezekanavyo. Kwa mgonjwa huyu, damu ikizidi, shinikizo linapanda kwenye mishipa ile ile na inaweza kupasuka tena usiku wa manane. Akishatulia atapewa prazikwanteli kuua minyoo na, kwa wengi, propranololi ya kushusha shinikizo. Dawa ya minyoo peke yake haiyafuti makovu ya miaka 20.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu naamini ndani yake mna jibu lote. Hakuna hatua hata moja niliyoitaja ambayo daktari wa kawaida hawezi kuisoma kwa jioni moja. Kigumu ni kuikumbuka saa nane usiku, mbele ya beseni la damu na mke wa mgonjwa analia, na kujua ni swali lipi litaamua. Hilo halisomeki. Linapatikana kwa kuona wagonjwa wengi, mmoja baada ya mwingine, huku mtu anayejua zaidi akikuuliza asubuhi: ulifikiri nini? kwa nini hukufikiri lile jingine?

Uamuzi mwingine ni wa muda. Mgonjwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa analazwa na kifua kikuu cha mapafu: anaanzishiwa dawa za kufubaza virusi mapema, ndani ya wiki 2. Kitanda cha pili yuko mwenzake, naye ana VVU, ila ugonjwa uliomleta ni homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu. Huyu akianzishiwa dawa zile zile mapema hivyo, kinga inayoamka ghafla inaweza kumuua. Husubiri wiki 4 hadi 6 huku kuvu wakishughulikiwa kwanza na maji ya uti wa mgongo yakitolewa kwa sindano ili kichwa kipunguze shinikizo. Virusi ni vile vile na dawa ni ile ile, lakini kalenda zao haziingiliani.

Mtindo huu wa kufundishia kitandani una historia. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1889, William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada, alianzisha utaratibu wa madaktari vijana kuishi ndani ya hospitali na kupanda ngazi mwaka hadi mwaka, na wanafunzi nao aliwatoa darasani akawapeleka kwa wagonjwa. Utaratibu ule ulienea duniani. Ulibeba pia ubaya wake: uchovu. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya New York akiwa chini ya madaktari vijana waliokuwa kazini kwa saa nyingi mno. Kifo chake kilizua mjadala mkubwa, jimbo hilo likaweka kikomo cha saa mwaka 1989, na mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kwa wiki kikawa cha Marekani nzima. Kwetu nasema wazi: rezidenti aliyekesha na bado anatakiwa kuendesha raundi asubuhi ni hatari kwa mgonjwa na kwake mwenyewe, na hili lisichukuliwe kama ushujaa.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana. Rezidenti wa Marekani ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Hapa, rezidenti ni mwanafunzi wa chuo kikuu: ada inadaiwa, awe amefadhiliwa na mwajiri wake au anajilipia, na juu ya kazi ya wodini lazima afanye utafiti na kuandika tasnifu. Wengi wana familia tayari.

Kwa mafunzo ya aina hii, Mwanza ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani. Bugando, kilimani juu ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo cha udaktari kikaanza hapo mwaka 2003. Wagonjwa wanatoka Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara, Kagera na visiwani, hivyo kwenye wodi moja rezidenti anakuta kichocho cha wavuvi, selimundu, moyo ulioharibiwa na homa ya utotoni, na siku hizi presha na kisukari vilivyokwisha kula figo. Madaktari kutoka chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York wamekuwa wakija kufundisha na kujifunza hapa kwa miaka mingi.

Jambo moja ningependa libadilike. Raundi huendeshwa kwa Kiingereza, na mgonjwa anabaki akitazama midomo. Rezidenti mzuri, kundi likishahamia kitanda kingine, hurudi dakika 2 na kusema kwa Kiswahili, au Kisukuma kama anakijua: mama, tumeamua hivi, kwa sababu hii. Likifanyika, maswali ya ndugu pale getini hupungua sana.

Mwisho wa mwaka wa 3 unakuja mtihani, na watahini wengine hutoka nje ya chuo. Sehemu inayoogopwa zaidi ni ile ambayo mtahiniwa anapelekwa kwa mgonjwa asiyemjua, hapewi faili, hapewi majibu ya vipimo. Ana mdomo wake, masikio na mikono. Anauliza tangu mwanzo, anapima, kisha anakwenda kusimama mbele ya watahini na kueleza anachofikiri na kwa nini. Ukiwa umelazwa ukaombwa kushiriki, una haki ya kukataa. Ukikubali, jibu kila unachoulizwa kwa ukweli. Utaombwa ufiche kitu kimoja tu, jina la ugonjwa wako.