Maunzi na mfumo endeshi vikipikwa jiko moja

Funika laptopu usiku ikiwa na chaji asilimia 80, uifunue asubuhi. Ukikuta 78, waliounda bodi na walioandika mfumo endeshi walikuwa wanaelewana. Ukiikuta imechemka ndani ya begi na chaji imekwisha, kila mmoja alifanya kazi kivyake.

Usingizi ndipo tofauti inapoonekana haraka. Hali ya zamani, S3, ni usingizi mzito: karibu kila kitu huzimwa, RAM pekee, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi, hubaki na umeme. Laptopu nyingi za sasa zina usingizi mwepesi, ambapo kichakataji hakizimwi bali husinzia, na kila kifaa kinapaswa kusinzia pamoja nacho. Draiva moja tu (programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa) ikigoma, ya Wi-Fi mathalani, mashine nzima inakesha.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /a uone hali za usingizi zilizopo, kisha powercfg /sleepstudy. Ripoti itamtaja mkeshaji. Kwenye Linux andika cat /sys/power/mem_sleep; neno lililo kwenye mabano ya mraba ndilo linalotumika: s2idle ni mwepesi, deep ni mzito.

Anayetengeneza maunzi na mfumo endeshi kwa pamoja ana vifaa vichache vinavyohitaji draiva, na huzijaribu kwenye mashine zile zile atakazouza. Lakini faida ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba anaweza kubadili chipu kwa ajili ya programu.

Chukua chipu ya M1 ya Apple, ya aina ya ARM, iliyotoka Novemba 2020 kuchukua nafasi ya chipu za Intel. Programu zilizoandikwa kwa chipu za Intel zilibidi zitafsiriwe na Rosetta 2, programu ya Apple ya kutafsiri. Kikwazo kikawa kumbukumbu: Intel huahidi kwamba data iliyoandikwa na kiini kimoja cha kichakataji itaonekana kwa viini vingine kwa mpangilio ule ule, ARM haiahidi hivyo. Kulifidia hilo kwa programu peke yake kungemaanisha kupachika amri za kusubiri kila mahali, na kasi ingeporomoka. Apple wakaweka swichi ndani ya chipu yenyewe. Programu iliyotafsiriwa ikiingia, mfumo huiwasha na kiini hufuata utaratibu wa Intel, ikitoka, huizima.

Gharama ipo. RAM ya M1 imefungwa pamoja na kichakataji, kikomo ni GB 16, na haiongezeki. Ukinunua ya GB 8, ni GB 8 mpaka mashine ife.