Kadi ya bima sio hela: kwanini hospitali inakwambia "dawa kanunue nje"

Malalamiko ya aina moja yamekuwa mengi sana dirishani kwetu sisi tunaohakiki madai ya bima ya afya. Mtu anakuja kachukia, anabwaga kadi mezani, anasema nakatwa kila mwezi, nimefika hospitali naambiwa dawa kanunue nje, sasa hii bima ya nini? Hasira tunazielewa. Ila wengi wanaamini ukishatoa kadi pale mapokezi basi hela imeshaingia kwa hospitali saa hiyohiyo kama unavyotuma kwa simu. Haiko hivyo jamani, na haijawahi kuwa hivyo.

Hospitali inakutibu kwa mkopo. Dawa imenunua yenyewe, umeme wake, nesi wa zamu ni wake, wewe ukiondoka kinachobaki ni madai tu. Fomu ya madai inatakiwa iwe na namba ya kadi, namba ya uidhinisho, ugonjwa, vipimo, dawa na dozi zake, jina la daktari na sahihi yake, halafu sahihi yako, ile unayopiga umesimama huku unatafuta funguo za pikipiki. Madai ya mwezi yanakusanywa, yanatumwa kwa mfuko wa bima, yanahakikiwa. Kipimo kisichoendana na ugonjwa kinakatwa, dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi ya kituo kile inakatwa, sahihi ikikosekana ni tatizo. Kinachobaki baada ya makato ndio kinalipwa, na wakati huohuo tarehe ya mshahara imefika na muuza dawa anapiga simu. Kituo kidogo kikikatwa au kikicheleweshewa miezi miwili mitatu mfululizo, stoo ndio inaanza kukauka. Hapo ndipo unaambiwa kanunue nje. (Nani anamdai nani kiasi gani sio suala la kujibiwa hapa, lina taratibu zake.)

Halafu bei. Hospitali haijipangii bei ya mwenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania, kuna kitita, ile orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa. Machi 2024 mnakumbuka, kitita kipya kilipoanza kuchukua nafasi ya kile cha 2016, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama zikisema bei haifidii gharama, Mfuko nao unasema bei zimefuata soko. Waziri wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akasisitiza mgonjwa wa dharura asikataliwe. Watu waliligeuza lile kama ugomvi wa mpira, Simba na Yanga, lakini kiini chake ni kidogo tu: anayepanga bei akiishusha sana hospitali inayumba, akiacha ipande sana Mfuko unayumba, na Mfuko ni hela yenu nyie, kwa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara, 3 yako na 3 ya mwajiri. Hakuna kisima kingine huko nyuma.

Wapo wanaotuandikia serikali ingezifunga tu hizo binafsi. Tulishapita huko. Sheria ya 1977 ilizuia hospitali binafsi za kibiashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini, mpaka sheria iliporekebishwa 1991 zikaruhusiwa tena.

Na cheti cha usajili kinachoning'inia ukutani sio ushahidi kwamba hospitali ina hela. Mkaguzi anaangalia jengo, vifaa, wataalamu na leseni zao, taka zinatupwaje. Hospitali inaweza kuwa na kila kitu hicho na bado ikawa inakopa kulipa umeme.

Kwenye za serikali mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, ulianza 1993, na misamaha ikawekwa: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea WASIO NA UWEZO. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila wiki kuna mtu anamleta baba yake mwenye nyumba tatu za kupangisha anadai msamaha. Maiti nayo serikali imeshakataza kuzuiliwa kwa deni, sawa kabisa, ila lile deni halizikwi na marehemu, linabaki kwenye vitabu vya hospitali na dawa za mgonjwa anayefuata zinatoka kwenye hayohayo mapato.

Sasa udanganyifu, maana hapa ndipo sisi tunashinda kutwa nzima. Niliwahi kukaa na rundo la fomu za kituo kimoja, sitakitaja, biro moja ya bluu, sahihi kumi na mbili za wagonjwa tofauti, zote zimelalia kushoto na mkia uleule mwishoni. Kituo cha hivyo kwanza madai yanazuiwa, kinaandikiwa kujieleza, uhakiki unarudi nyuma kwenye madai ya zamani, kilicholipwa kimakosa kinadaiwa kirudishwe, mkataba unaweza kusitishwa, mtaalamu aliyesaini anapelekwa kwenye baraza lake la taaluma, na pale penye jinai faili linakwenda kwenye vyombo vinavyohusika. Wagonjwa wote wa mtaa ule wanabaki bila kituo.

Na usifikiri hilo ni la hospitali peke yake. Ukimuazima shemeji kadi, inafungiwa, unadaiwa gharama zote za matibabu yake, na kesi inaweza kuwa yenu wote wawili. Tena ugonjwa wake unaingia kwenye historia yako wewe, kesho daktari anasoma una sukari wakati huna. "Nilimsaidia tu" tumeisikia sana, na haibadilishi kitu.

Kwahiyo ukipewa fomu, geuza mbele na nyuma, hesabu vipimo ulivyopimwa kweli na dawa ulizoshika mkononi. Kama kuna mstari huutambui, biro iweke chini kwanza, uliza hiki ni nini. Wakikujibu vibaya piga simu namba iliyoko nyuma ya kadi ukiwa bado upo palepale, sio baada ya miezi sita.