Mkufunzi wa Lafudhi Anayefanyia Kazi Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwigizaji anayekwenda kucheza mtu wa Glasgow, Lagos au Mombasa hukabidhiwa kwa mkufunzi wa lafudhi. Katika majumba ya maonyesho ya London na New York jina la mkufunzi huyu huchapwa kwenye kijitabu cha onyesho pamoja na wabunifu wa mavazi na wa taa, lakini wengi wao hawana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa saa au kwa onyesho, na sehemu kubwa ya kazi huifanyia chumbani kwao. Jirani anachosikia ukutani ni mtu anayerudia "aa, aa, oo" asubuhi nzima, kwa hiyo si ajabu kazi hii ikazushiwa mengi.

Dhana: Ni hodari wa kuiga sauti za watu, basi.

Kuiga husaidia, ila si kazi yenyewe. Mwigizaji anayemwiga mkufunzi hunakili na yale yasiyohitajika: uzito wa sauti yake, mwendo wake, hata mafua yake. Anachotakiwa kupewa ni uchambuzi atakaoutumia kwenye sentensi ambayo hajawahi kumsikia mtu akiisema.

Uchambuzi huanzia kwenye rekodi za watu halisi, wasiopungua wawili, wenye umri, mtaa na hali ya maisha inayokaribiana na ya mhusika. Chanzo kinachotumika sana kwa lafudhi za Kiingereza ni IDEA, hifadhi ya mtandaoni ya rekodi za lafudhi, iliyoanzishwa 1998 na Paul Meier wa Chuo Kikuu cha Kansas. Kwa kawaida rekodi huwa na sehemu mbili, msemaji akisoma kifungu kilichoandikwa na kisha akizungumza mwenyewe. Mkufunzi mzoefu hutumia muda mwingi kwenye sehemu ya pili, kwa sababu mtu akisoma huvaa sauti ya darasani.

Kinachotoka ni karatasi ya ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana. Juu kabisa huandikwa mkao wa kinywa: taya limelegea au limebana, midomo inasonga mbele au imetulia, ulimi unakaa wapi mtu anapovuta pumzi kabla ya kusema. Kisha zinafuata sauti sita hadi kumi zinazobadilika, kila moja na mifano kutoka mchezo uleule, na mwisho mdundo na kiimbo. Sauti ishirini zikiorodheshwa, mwigizaji atashika nne, tena zisizo za maana.

Kwa vokali za Kiingereza, wengi hufuata makundi 24 ya maneno yaliyopangwa na mwanafonetiki J. C. Wells mwaka 1982. Faida yake ni kwamba kundi zima hubadilika pamoja, hivyo mwigizaji hahitaji kukariri neno moja moja. Mfano ulio karibu nasi: kwa wasemaji wengi wa Kiingereza cha Afrika Mashariki, vokali za *cat*, *cut*, *cart* na *curt* hukutana kwenye *a* moja. Mmarekani anayecheza Mkenya akishika hilo, amepata maelfu ya maneno kwa mkupuo.

Dhana: Hufanya kazi saa moja kwa siku, ile ya Zoom.

Saa hiyo ndiyo inayoonekana. Kabla yake mchezo umesomwa mara ya kwanza kwa hadithi tu, na mara ya pili kwa kalamu: nani katoka wapi, nani kamlea nani, nani anabadilisha usemi akiwa mbele ya bosi. Majina ya watu, miji, vyakula na dua hutolewa kwenye orodha yake yenyewe, kila neno likiambatana na rekodi fupi ya matamshi. Orodha hiyo hutumwa kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Waigizaji wakishazoea kulitamka jina la kijiji kimakosa kwa wiki nzima, kulirekebisha ni kazi ngumu kuliko kulifundisha upya.

Halafu kuna saa za dunia. Mazoezi New York kwa kawaida huanza saa nne asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni. Kwa mkufunzi aliyeko Nairobi au Unguja, hiyo ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku, na Marekani ikirudisha saa nyuma mwezi Novemba, kila kitu husogea kwa saa moja tena. Mwezi Machi ndio wenye mtego. Marekani husogeza saa zake Jumapili ya pili, Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambazo tofauti uliyoizoea kati ya London na New York si ile. Afrika Mashariki haisogezi kitu, na hapo ndipo vipindi hukosewa. Dawa yake ni kuandika kila miadi kwa UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa.

Dhana: Mwafrika ataweza lafudhi yoyote ya Afrika.

Hii huwagharimu sana waigizaji wetu walioko ughaibuni. Mwaka 2016 mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia ulifika Broadway, kwenye majumba makuu ya maonyesho ya New York, na Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, akiwa miongoni mwa waigizaji wake. Kiingereza cha Nairobi hakikumpunguzia kazi hata kidogo. Kiingereza cha Liberia hudondosha konsonanti nyingi za mwisho wa silabi, ilhali msemaji wa Afrika Mashariki huelekea kuzitamka, au hata kuzibandikia vokali. Njia hizo mbili zinapingana. Mkenya hapo huanzia mbali kama Mwingereza, ila mahali pengine.

Dhana: Basi achukuliwe mzaliwa wa pale, mkufunzi wa nini?

Mzaliwa ni wa lazima, na alipwe kwa muda wake. Lakini mtu hajui ulimi wake unafanya nini, na hana sababu ya kujua. Tuchukue mchezo wa Mji wa Kale Mombasa unaochezwa na waigizaji kutoka bara.

Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake wa Kiunguja uliteuliwa 1928, kina *t* moja kwenye maandishi. Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kina mbili mdomoni: moja ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu, nyingine ikigusa ufizi ulio juu ya meno hayo. *Kuteka* kwa *t* ya menoni ni kucheka. *Kuteka* kwa *t* ya ufizini ni kuteka maji. Mwigizaji akisema "wateka nini?" kwa *t* isiyo yake, watu wa Mombasa ukumbini wataona mtu anaulizwa habari za ndoo katikati ya ugomvi. Mzaliwa atasema tu, "Siyo hivyo, ni hivi," na mwigizaji hatasikia tofauti hata ikirudiwa mara kumi.

Mkufunzi hubadili njia. Humwambia mwigizaji abane ncha ya ulimi kidogo kati ya meno, aseme *ta*, kisha aurudishe ulimi hadi usionekane ila bado uguse meno. Kwa pili, aanzie kwenye *l* ndefu, ahisi ncha ilipo, kisha aseme *ta* kutoka palepale. Huanza kwa silabi, huja kwenye maneno mawili mawili (*mato* kwa macho, *nti* kwa nchi), na sentensi ya mchezo huja mwisho.

Jambo la pili ni mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na konsonanti. *Paa* la nyumba halina mpumuo, *paa* mnyama anao. *Kaa* la moto halina, *kaa* wa baharini anao. Kipande cha karatasi laini mbele ya midomo humaliza ubishi: kwa mnyama kinapepea, kwa nyumba kinatulia au kinatikisika kidogo sana.

Hapo hapo lugha ya kwanza ya mwigizaji nayo huhesabiwa. Dholuo tayari inatofautisha sauti ya menoni na ya ufizini, kwa hiyo Mjaluo huonyeshwa tu kwamba kitu anacho. Atakachohangaika nacho ni *sh*. Mkikuyu huenda akahitaji siku kadhaa za *l* na *r* kabla ya kugusa jambo jingine. Mchezo ni mmoja, mhusika ni mmoja, ila karatasi zao hazifanani, na anayetoa karatasi moja kwa kundi zima anajirahisishia yeye.

Dhana: Simu na bando vinatosha. / Dhana: Lazima uwe na studio.

Zote mbili si kweli, na ya kwanza ina madhara zaidi. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha takribani herzi 300 hadi 3400, wakati nguvu nyingi ya *s* iko juu ya 4000. Kwenye mkondo kama huo *s* na *f* zinaweza kukuponyoka. Programu za mikutano zina mkondo mpana zaidi, lakini huja na kichujio cha kelele kilichowashwa, nacho huchukulia sauti za mkwaruzo na pumzi kuwa uchafu. Zoom ina swichi ya sauti asilia. Iwashwe pande zote mbili, vinginevyo mkufunzi atamsahihisha mwigizaji kosa lililofanywa na kompyuta.

Hedifoni za Bluetooth zina hila yao: maiki yake ikitumika, kifaa kwa kawaida hurudi kwenye mfumo wa mazungumzo wenye sauti finyu. Hedifoni ya waya ya bei ndogo ni bora kuliko ya Bluetooth ya bei kubwa kwa kazi hii. Maiki ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili *p* na *b* zisiipulize. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha kurekodia kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Kurekodi ni kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, kiloherzi 44.1 au 48. Faili likienda kwa WhatsApp litumwe kama hati. Ujumbe wa sauti hubanwa, na kinachobanwa ndicho mwigizaji anachopaswa kukisikia.

Chumba si lazima kiwe studio. Kabati la nguo lililofunguliwa, godoro lililoegeshwa ukutani na pazia zito huondoa mwangwi mwingi. Friji na feni ndizo adui, na jogoo wa jirani hana swichi.

Kitu kimoja hakitengenezeki kwa fedha: kusema pamoja mtandaoni. Sauti huchelewa, na hata sehemu ndogo ya sekunde inatosha kuvuruga watu wawili wanaosoma mstari kwa pamoja. Kwa hiyo mkufunzi wa mbali husema, hunyamaza, husikiliza. Mazoezi ya kufuatisha sauti hufanywa na mwigizaji peke yake kwa rekodi ya sekunde 20 hadi 40 inayozunguka.

Dhana: Ukirudia saa nyingi itakaa.

Ulimi uliochoka hurudi nyumbani. Dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, zinashinda saa mbili za mfululizo. Na mistari ya mchezo isiwe ndiyo mazoezi pekee, kwa sababu mwigizaji hukariri wimbo wa mistari hiyo na lafudhi humtoka mara anaposahau neno akalazimika kujaza. Aagize chakula kwa lafudhi hiyo, asimulie habari za mpira, agombane. Mkufunzi husikilizia pale anapokasirika, maana ndipo sauti ya kwao hujitokeza.

Dhana: Lafudhi bora ni ile isiyotofautishika na ya mzaliwa.

Bora kwa filamu, huenda. Jukwaani kuna mtu wa safu ya nyuma aliyelipia tiketi, na akikosa sentensi hawezi kuirudisha. Mkufunzi na mwongozaji hukubaliana mapema lafudhi iwe nzito kiasi gani, na mara nyingi mdundo na mkao wa kinywa huachwa kamili huku konsonanti za maneno yanayobeba habari zikiimarishwa. Jina la muuaji lisikike. Ukumbi wa Globe jijini London ulipocheza Shakespeare kwa matamshi ya zama zake mwaka 2004, mwanaisimu David Crystal akiongoza upande wa matamshi, haukutafuta nakala kamili ya sauti ambazo hakuna aliye hai aliyezisikia. Ulitafuta mfumo unaoelekea kuwa sahihi na unaosemeka.

Dhana: Tangawizi na asali husafisha nyuzi za sauti.

Kinachomezwa hupita umio, hakigusi nyuzi za sauti. Maji husaidia kwa kupitia mwili mzima, kwa hiyo yanywewe tangu asubuhi, si wakati koo limeshakauka. Kwa kupasha sauti, mrija uliozamishwa sentimita mbili tatu kwenye glasi ya maji, ukipuliza huku ukitoa sauti kwa dakika chache, una faida kuliko chai yoyote. Chai inywewe kwa sababu ni tamu.

Dhana: Onyesho likifunguliwa, kazi imekwisha.

Baada ya wiki kadhaa za kucheza, lafudhi huanza kuteleza, na huteleza kwa namna inayojulikana: waigizaji wanaokaa pamoja kila usiku huanza kufanana, na aliye na sauti kubwa huwavuta wenzake. Mkufunzi aliyeko mbali hawezi kuomba tu arekodiwe onyesho kwa simu, maana kurekodi kunahitaji ruhusa ya uzalishaji na ya vyama vya waigizaji. Hupanga badala yake vipindi vifupi vya dakika 20 kwa kila mwigizaji, akimsikia akisoma kurasa mbili ngumu na kuzungumza apendavyo.

Masahihisho huandikwa kwa neno, ukurasa na sauti: "uk. 34, *nti*, menoni." Hupitia kwa msimamizi wa jukwaa, ambaye anajua nani ameumwa, nani yuko kwenye msiba, na nani asipewe lolote kabla ya onyesho la mchana. Masahihisho matatu kwa mtu yanatosha. La nne lisubiri Jumanne, Jumatatu mara nyingi huwa ni siku ya mapumziko Broadway.