Shokapu Haibebi Gari

Panapozungumzwa magari ya zamani ya Kimarekani yenye injini ya V8 (silinda nane), yaani Camaro, Chevelle na Mustang za miaka ya 1960, kuna kauli haikosekani: "Nyuma imelala, shokapu zimekufa, weka ngumu zaidi." Mtu ananunua shokapu nne za bei mbaya, anazifunga, gari linabaki limelala vilevile, halafu lawama zinaiendea shokapu.

Shokapu, au shokamzoba, ni kifaa cha kutuliza mdundo wa springi. Ndani yake pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye valvu nyembamba, na nguvu ya mdundo inageuka joto. Uzito wa gari unabebwa na springi.

Kinachosahaulika ni kwamba ukinzani wa shokapu unatokana na kasi ya kubonyea au kurefuka kwake. Ibonyeze polepole, itakubali polepole. Gari likisimama hakuna mafuta yanayopita, kwa hiyo haizuii chochote. Zile za gesi yenye presha kubwa hunyanyua gari kidogo kwa sababu gesi inaisukuma fimbo nje, lakini hazitainua springi iliyochoka.

Chevelle za 1964 hadi 1972 zinalionyesha hili waziwazi. Shokapu ya mbele imesimama katikati ya springi. Juu, chini ya boneti, ina nati moja (shika ncha ya fimbo kwa spana, la sivyo itazunguka pamoja na nati), na chini ina bolti mbili kwenye mkono wa chini wa suspensheni. Ukizifungua, shokapu inatokea chini bila kuigusa springi. Matairi yakiwa ardhini, kimo cha gari hakibadiliki. Likandamize kwenye kona moja ya bodi uachie, hapo ndipo utaona kazi iliyokuwa ikifanywa: litadunda na kuendelea kudunda.

Nyuma ya gari hilohilo pana mtego. Shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi gari linapoinuliwa kwa fremu. Ukifungua shokapu wakati ekseli inaning'inia, ekseli inaanguka, springi zinachomoka na paipu ya breki inaweza kukatika. Weka stendi chini ya ekseli kwanza. Kuzuia kushuka kupita kiasi ni jambo moja, kubeba ni jingine.

Miaka ya 1970 vijana wengi wa Marekani walifunga shokapu za upepo ili kuinua nyuma matairi mapana yaenee. Hizo kweli zilibeba, na ndiyo sababu zilileta balaa: vishikio vya juu havikuundwa kubeba uzito, vikapasuka. Tena pande mbili zikiunganishwa kwa bomba moja, kwenye kona upepo unahama kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari linazidi kulalia upande. Leo anayefunga shokapu iliyovikwa springi yake kwenye vishikio hivyohivyo bila kuviimarisha anarudia kosa lile.

Katika kuboresha, springi na shokapu huchaguliwa pamoja. Springi ngumu, tuseme ya paundi 550 kwa inchi, inarudi kwa nguvu kuliko ile laini ya kiwandani, hivyo inataka shokapu yenye ukinzani mkubwa inaporefuka. Ukiacha shokapu ya zamani, pua ya gari itadunda. Ukizidisha ukinzani huo, gurudumu halirudi chini kwa wakati baada ya tuta; matuta yakifuatana gari linajivuta chini hadi linagonga raba za kuzuia, zile zinazokinga chuma kisigonge chuma suspensheni inapofika mwisho. Hilo hutokea likiwa mwendoni tu.

Shokapu ziitwazo 90/10 za mashindano ya mbio fupi zilizowekwa kwa gari la barabarani ni kosa jingine. Sehemu kubwa ya ukinzani wake (ile 90) ni wakati wa kubonyea, ndogo (ile 10) wakati wa kurefuka, ili pua ipande haraka na uzito uhamie matairi ya nyuma. Barabarani pua inaelea.

Ukishusha gari kwa springi fupi, pima umbali kati ya vishikio gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha chagua shokapu ambayo haitafika mwisho wake kabla ya raba ya kuzuia kuguswa. Shokapu mpya za mirija miwili (mmoja ndani ya mwingine) zisizo na gesi zisimamishe, zivute hadi mwisho, zigeuze, zibonyeze. Rudia mara nne au tano upepo utoke. Nati ya juu ikaze hadi bushi ivimbe ilingane na washa, usiiponde. Bolti za bushi za raba za mikono ya suspensheni zikazwe gari likiwa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa mikono ikining'inia, raba inabaki imejinyonga, gari linakaa juu na bushi inachanika mapema.

Kwa hiyo mtu akikuambia shokapu zimekufa kwa sababu nyuma imelala, msaidie kupima kwanza: gari mahali tambarare, upepo wa matairi sawa, buti tupu, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Kimo kikiwa kimepungua, anachohitaji ni springi. Shokapu abadilishe ikiwa inavuja mafuta, au kona ikikandamizwa haitulii.